Kikohozi cha Shumkar

Shumkar alikohoa tena alfajiri, kikohozi kikavu cha kukwama, kama anayejaribu kutoa mfupa kooni. Nuraiym akatupa blanketi. Mbwa huyo alitoka naye kwa baba yake siku ya harusi, na mumewe, Emil, alikuwa ameshasema: asipopona kufikia Jumapili, anampeleka mnadani Karakol.

Nuraiym alidhani anajua ni nani anayemtaka mbwa aondoke. Mama mkwe, Batma, hakuwahi kumsifu mbwa huyo hata siku moja. Tena kila kulipokucha alijifungia naye kwenye banda la nyasi, akatoka macho mekundu.

"Mama, jana ulimpa nini Shumkar?"

"Mchuzi."

"Mchuzi wenye nini?"

"Mkamwana, kama unataka kuniita mchawi, niite kabla chai haijapoa."

Mchana akaja Taalai, daktari wa mifugo. Alifunua midomo ya mbwa: fizi zilikuwa na rangi ya waridi. Akabonyeza koo kidogo. Shumkar akakohoa, akatema povu, kisha akatikisa mkia.

"Alichanganyika na mbwa wengine?"

"Kwenye mashindano ya kuwinda," Nuraiym alijibu.

"Ndiko alikoambukizwa. Mara nyingi huisha chenyewe. Fizi zikigeuka bluu, akigoma kula au akihema amelala, niiteni saa yoyote. Ila hiki kingekuwa kimeshapungua." Akanusa manyoya ya shingoni. "Nani anamfukiza?"

Nuraiym alimtazama Batma. Batma alitazama birika.

"Amepigwa jicho," Batma akasema mwishowe. "Kule mashindanoni watu wazima walimsifu, wasiteme hata mate ya kuzuia jicho. Mimi simsifu, unadhani kwa nini? Basi namshikia pua juu ya moshi wa adrashmani, majani ya kufukuza jicho."

"Kwa siri, mama?"

"Wewe na diploma yako ungenicheka."

"Moshi ndio unaomkwaruza koo," alisema Taalai. "Uache. Na mvueni ukosi, unambana koo; mfungeni mkanda wa kifuani."

Batma alimkodolea macho kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji, lakini ukosi aliufungua mwenyewe.

Jumapili Emil alishika kamba. Shumkar akakohoa mara moja, kidogo.

"Si mnamsikia? Bado."

"Hata wewe unakohoa na sigara zako," alisema Batma, amesimama katikati ya lango, "na sijakupeleka mnadani."

Nuraiym akasogea, akasimama kando yake. Emil aliwatazama kwa zamu, akashuku kuna jambo amefichwa, kisha akaitundika kamba ukutani.