Ng'ombe wa Kompyuta

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Wanafunzi wangu wa Balangdalalu wanajua, walimu wenzangu wanajua, na baba yangu mzazi alijua kabla yao wote. Lakini siku ile niliyoshuka kwenye pikipiki nyumbani Tumati nikamwona baba zizini, hasira zote zilinikimbia. Nilisimama na mkoba mkononi, mdomo wazi, hata dereva sikumlipa mpaka aliponiita mara ya pili.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia hapo mtanionea huruma, na sistahili.

Mwaka ule, 2012, nilikuwa nasoma shahada kwa masafa huku nafundisha. Ada ilimeza mshahara wote, na kazi za chuo zilitakiwa zichapwe. Nilichapa kwa kuombaomba: leo kompyuta ya ofisi ya mkuu wa shule, kesho namfuata mtu Katesh. Baba alisikia nikimlalamikia mama mdogo. Siku ya Pasaka, tumetoka misani, nyumba imejaa watu, akasimama na kunyoosha fimbo yake kuelekea zizini.

"Yule dume mwekundu ni wa Oliva," akasema. "Akanunue mashine yake ya kusomea."

Kwetu mzazi akishasema hivyo mbele ya watu, basi. Ng'ombe si wake tena, hata kama analala zizini kwake na kula nyasi zake. Hamuuzi, hamchinji, wala haombi arudishiwe. Mwenye ng'ombe ndiye atasema lini aende mnadani. Baba yangu, Mzee Nikolausi Sulle, alilishika hilo kupita kiasi. Hata plau hakumfunga tena yule dume, eti asije akakonda akiwa mali ya mtu. Shamba la kilimani akalima kwa jembe la mkono, mzee wa miaka sitini na nane! Watoto wa kaka yangu wakampa ng'ombe jina, wakamwita Kompyuta.

Ningenunua mwezi wa tano, mambo yangeisha. Lakini nilikwenda Babati kwa Herman.

Tangu Manyara iwe mkoa, Babati ilikuwa imeota maduka, na duka la Herman lilikuwa la simu na kompyuta, dogo, limejaa nyaya. Alinionyesha tatu. Moja ilikuwa mtumba kutoka Ulaya, imara kweli, lakini betri yake ilikata baada ya saa moja. Ya pili mpya, ndogo, nyepesi, ila kioo chake ukisoma kurasa kumi macho yanauma. Ya tatu ilikuwa na kila kitu, na uzito wa debe la mahindi. Nikawa nazigeuzageuza. Ndipo Herman akatoa karatasi chini ya meza, ina picha.

"Mwalimu, kwa nini uhangaike na hizi? Toleo jipya linakuja. Betri saa nane."

"Nane?"

"Nane! Na unaibeba kwa mkono mmoja. Mwezi wa saba iko hapa."

Shuleni kwetu umeme ulikuwa wa jua, wa kuwasha taa na kuchaji simu za walimu kwa zamu. Saa nane za betri kwangu zilikuwa mbingu ndogo. Nikasema nitasubiri. Nikanunua daftari, nikachora mistari, nikaanza kulinganisha: betri, uzito, kioo, nafasi ya kuhifadhi kazi. Kila mwisho wa mwezi nilikwenda Babati, na kila mwisho wa mwezi Herman alisema bado. Mwalimu mwenzangu Tadeo, wa hesabu, alinicheka mpaka machozi.

"Oliva, hiyo ni laptopu au mchumba? Mwanamke unachagua hivi, utazeekea dukani!"

"Nyamaza, Tadeo. Wewe ulikurupuka ukanunua, sasa unaiwasha kwa kuipiga makofi."

Basi tukacheka. Niliona mimi ndiye mwenye akili, ninayejua kusubiri kitu kizuri.

Baba hakuwa na simu. Alikuwa anatumia ya Sara, mke wa kaka yangu Tito. Tito mwenyewe alikuwa Mererani kwenye machimbo, kwa hiyo nyumbani walibaki baba, Sara na watoto. Jumapili moja ya mwezi wa saba baba akapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Shule?"

"Salama baba. Nyumbani?"

"Tuko tu. Juzi tulikuwa tunapiga maharage, ganda likaniruka jichoni. Linawasha kidogo."

"Pole baba. Oshea maji ya chumvi, litatoka."

"Haya. Mashine yako imetoka?"

Nikamweleza. Nikamweleza betri, nikamweleza uzito, nikamweleza kwamba hizo zilizopo dukani ni za kupotezea pesa. Mzee alisikiliza yote, mpaka salio la Sara likakata. Kuhusu jicho sikuuliza tena hata neno moja. Jamani, hata neno moja!

Mwezi wa nane akapiga tena. Shikamoo, marahaba, habari za shule. Halafu: "Imetoka?"

"Bado baba. Wanasema mwezi ujao."

"Zile nyingine hazifai kabisa? Ile ya mtumba?"

Nikashangaa, baba yangu ameanza lini kujua mtumba wa kompyuta? Nikacheka. "Hazifai baba. Nikinunua hiyo nitajuta."

"Haya. Usinunue kitu cha kujuta."

Mwezi wa tisa akapiga mara mbili katika wiki moja. Mara ya pili nilikuwa nasahihisha mitihani, madaftari yamenijaa mapajani, kichwa kinagonga. Nikasikia lile neno tena, "Imetoka?", na hizi hasira zangu zikapanda.

"Baba! Hivi haraka yote hii ni ya nini? Umechoka kumlisha huyo ng'ombe? Kama umechoka sema! Nimesema bado, ikitoka nitakwambia mwenyewe!"

Nilisikia kuku wa nyumbani kwenye simu.

"Hapana mwanangu," akasema. "Nilikuwa nauliza tu."

Hakupiga tena.

Wiki ya pili ya mwezi wa kumi Herman akanitumia ujumbe: imefika, ziko nne tu, wahi. Niliruka pale ofisini kama mtoto. Nikaomba ruhusa ya Ijumaa, kwa kuwa Jumamosi ni mnada, nikapanda basi mpaka Dongobesh na kutoka hapo pikipiki. Njia nzima nilikuwa najipangia maneno ya kumwambia baba, nianze kwa kumwomba radhi kwa kumfokea, halafu nimpe habari njema.

Nikamkuta zizini. Alikuwa ameupa mgongo mlango, anampapasa yule dume mwekundu mbavuni kwa kiganja, taratibu, kama anavyompima ng'ombe mnene. Dume alikuwa amenawiri, anang'aa. Baba alikuwa amebaki mifupa.

"Shikamoo baba," nikaita.

Akageuka. Upande wa kulia wa uso alikuwa amejifunga kipande cha kanga, kimelowa, nzi wametua juu yake. Nilidhani ameumia siku hiyo hiyo. Nikamsogelea nikakifungua kile kitambaa kwa mikono yangu mwenyewe, yeye anasema acha, acha mwanangu.

Mungu wangu. Jicho halikuwepo. Yaani lilikuwepo, lakini lilikuwa uvimbe mweupe unaotoka usaha, halina mboni, halina kitu cha kuniangalia. Nikashika pembe ya ng'ombe ndipo nisianguke.

"Ni lile ganda," baba akasema, kama ananikumbusha.

Sara alikuwa ametoka jikoni. Huyu mwanamke ni mpole, katika miaka tisa ya kuolewa kwetu sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Siku ile alinijia na mwiko mkononi.

"Umekuja kumchukua, wifi? Mchukue! Mchukue ng'ombe wako tupumzike!"

"Sara, kwa nini hamkuniambia?"

"Alinikataza! Aliniapisha nisikuambie! Wewe ulifikiri anauliza mashine ili iweje?"

Akaingia ndani, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne, akanitupia. Ilikuwa ya zahanati. Nimezoea kusoma miandiko mibaya ya wanafunzi, nikaisoma mara moja tu: kidonda kwenye jicho la kulia, aende hospitali kwa daktari wa macho haraka. Neno haraka lilipigiwa mistari miwili. Tarehe ilikuwa ishirini na tatu mwezi wa saba. Ndio wiki ile ile niliyomwambia oshea maji ya chumvi.

"Baba," nikasema, "karatasi hii umekaa nayo miezi mitatu?"

"Nilikuwa nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Mashine yako itoke. Ungemuuza ng'ombe, ungenunua, kingebaki kidogo. Nilijua ungenipa nauli na dawa. Wewe si mchoyo."

"Si ungemuuza! Baba, si ungemuuza tu!"

Akanitazama kwa lile jicho moja, ameshangaa kweli. Ameshangaa mimi, mtoto wake, niliyezaliwa katika nyumba hii, kusema neno kama hilo.

"Ng'ombe wa mtu?" akasema.

"Basi ungeniambia nikuuzie!"

"Nimpe mtoto kitu Pasaka, mwezi wa saba nimlilie shida ili anirudishie? Watu waliona, Oliva. Nilikuwa nauliza imetoka, basi. Ukisema bado, najua bado."

Nilikaa chini pale pale kwenye samadi. Kila "bado" niliyosema ilinirudia. Bado ya kwanza nikijisifu. Bado ya pili nikicheka. Bado ya tatu nikimfokea, na yeye upande wa pili wa simu ameshika hilo jicho lake. Nilijipiga kifua mpaka Sara akaja kunishika mikono. Alikuwa ameacha hasira, analia na yeye.

Hatukulala nyumbani. Niliita pikipiki ile ile, tukamweka baba katikati, tukaenda kutafuta gari Dongobesh. Kabla sijapanda nilimvuta Sara pembeni ya zizi.

"Kesho alfajiri mpeleke mnadani. Bei yoyote nzuri, uza."

"Nitamwambia nini baba?"

"Usimwambie. Nitamwambia walimu wamenichangia. Akijua ni ng'ombe atashuka kitandani arudi kwa miguu."

Sara akatingisha kichwa kukubali. Alimjua mzee vilevile ninavyomjua.

Kesho yake hospitalini, daktari wa macho alikuwa kijana mpole. Alimwangalia baba kwa taa yake muda mfupi sana, na ule ufupi ukanitisha. Akaniita mlangoni. Jicho limekufa, akasema, na usaha umeingia ndani, kwa hiyo lazima litolewe lisije likamharibia na la pili.

"Kama tungekuja mwezi wa saba?" nikauliza.

Akageuka kurudi ndani. Nikamshika mkono wa koti. "Daktari, mimi ni mwalimu. Niambie."

"Wiki ile ya kwanza?" akasema. "Ni matone, mama. Tunampa dawa ya matone na tunamlaza siku kadhaa. Wengi huwa wanaona."

Matone! Nilirudia neno hilo nikielekea wodini, wauguzi wananiangalia. Matone. Niliona ile karatasi ya Herman, na daftari langu lenye mistari. Nilikuwa nimelinganisha kila kitu, miezi mitano, hata uzito kwa gramu. Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa Sara: ameuzwa, amepata bei, watoto wanamlilia Kompyuta. Chini yake kulikuwa na ujumbe wa Herman, imebaki moja, mwalimu, vipi? Niliufuta.

Walimtoa baba jicho Jumapili. Jumatatu asubuhi nilimkuta ameamka, amefungwa bandeji kubwa nusu ya uso, anakunywa uji kwa mrija na kulalamika hauna sukari. Nilimpa shikamoo, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa nimejiapiza kutolia.

"Walimu wenzako wana moyo," akasema. "Uwashukuru sana. Ukifika uwaambie nimewabariki."

"Nitawaambia baba."

Akatafuta mkono wangu kwenye shuka. Alikuwa hajazoea, akaupapasa pembeni kwanza, halafu akaupata.

"Na mashine? Imetoka?"

Nilihisi nimemwagiwa maji baridi ya Mbulu ya mwezi wa sita. Mtu mzima ametolewa jicho jana, leo anauliza mashine yangu. Nikafungua mdomo nimwambie yote, ng'ombe, mnada, Herman, kila kitu. Nikamwangalia alivyonisubiri.

"Bado, baba."

"Haya," akasema, akaupigapiga mkono wangu. "Safari hii sikuharakishi. Usichukue zile mbovu, subiri ile nzuri. Ng'ombe wako yupo."