Chumvi Isiyolambwa

Kitu cha kwanza alichokiona Gwantwa ni ng'ombe kupita bila kulamba.

Pale Ivuna, gunia la chumvi haliachwi chini bila mlinzi. Ng'ombe wakilinusa tu hulivamia, wakalilamba mpaka likatoboka. Ndiyo maana wanaochemsha chumvi hukaa na fimbo karibu. Lakini magunia ya Yahaya, mfanyabiashara kutoka Tunduma, yalilala kando ya ndege ndogo, na ng'ombe wa Mzee Watson wakayapita kama magogo.

Gwantwa, ambaye maneno yake mengi yaliishia kwenye kunong'ona, alimvuta shati kaka yake, Anania, aliyekuwa akipakia.

"Kaka, mbona hawalambi?"

"Wameshiba."

"Ng'ombe hashibi chumvi."

"Basi wana presha," Anania akacheka.

Yahaya alikuwa ameeleza: ni chumvi ya msaada, inakwenda ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kwa watu waliokimbia vita. Anania angepanda nayo akasaidie kushusha. Mama yao alishamfungia viazi vya njiani. Hakuna aliyeuliza kwa nini chumvi, ambayo siku zote huondoka kwa lori, leo ipande angani, wala kwa nini ndege itue kwenye uwanda mkavu wakati viwanja vya ndege vipo. Gwantwa alijiuliza yote hayo kimoyomoyo.

Gunia moja likamponyoka Anania. Likaanguka kwa mlio wa chuma.

"Taratibu, dogo!" Yahaya akafoka. "Chumvi ya mawe hiyo!"

Gwantwa akaenda kwenye chungu chake cha kuchemshia chumvi, akachota chumvi kiganjani, akaimwaga juu ya gunia lile. Ng'ombe wakageuka mbio, wakasukumana pembe. Walilamba pale pale ilipomwagika. Ilipokwisha, wakaliacha gunia, wakaenda zao.

"Nani kaita ng'ombe hapa?" Yahaya aling'aka. "Anania, panda tuondoke!"

Anania alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi. Akalitazama gunia, kisha dada yake.

"Sema, Gwantwa."

Wapakiaji wote wakamgeukia. Siku nyingine angeinamisha kichwa. Leo sauti ilitoka, kubwa kuliko alivyoijua, na Anania akaanza kushuka kabla haijaisha:

"Shuka, kaka. Hiyo si chumvi, ni risasi. Watu wa huko wanakikimbia hicho hicho unachowapelekea."