Kiti cha Mbele cha Mama Mkwe

Katika ukoo wa kina Debora, kule Mugeta, mambo ya ukwe hayana mzaha. Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, wala mama hamtazami yeye, hakai naye chumba kimoja, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia kwenye majani ili mama apite. Kuingia chumbani kwake au kugusa kitanda chake ndiyo usiseme kabisa. Miaka yote tangu amuoe Debora, Abednego alikuwa anamfahamu mama Nyangi kwa mgongo, kwa kikohozi na kwa kitenge chake cha njano. Wakitaka kusemeshana, maneno yalipitia kwa Debora, hata kama wametenganishwa na ukuta tu.

Mama Nyangi naye hakuwahi kumwona mkwewe. Mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunika macho kabla ya harusi, akawa anaona ukungu mtupu. Alimwoza binti yake kwa mtu asiyemjua sura, na harusi yenyewe akaisikia tu, vigelegele huku, tarumbeta kule.

Sasa alikuwa amefanyiwa upasuaji Musoma na bandeji zimetolewa. Anaona! Kabla ya kurudi Mugeta alikubali kupita mchana mmoja nyumbani kwa binti yake, Bweri, na Debora alitaka kumwonyesha video ya ile harusi. Ndani yake alikuwamo marehemu baba yake, mzee Kwangu, akiwa na nguvu zake.

Abednego alitaka jambo moja tu, na alilitaka mpaka usingizi ukawa shida. Alitaka mama huyu akae kwake akiwa na raha, naye awemo chumbani humo humo, badala ya kujibanza nyuma ya nyumba na kuku. Akaumiza kichwa, hatimaye akapata jibu. Kwenye sinema watu wote wanatazama mbele, tena gizani. Ukifikiri vizuri utaona sinema ilitengenezwa kwa ajili ya wakwe.

Basi akaisafisha ile stoo ya mahindi iwe chumba cha sinema. Vitu vipya hakutaka, maana tangu zamani mtu huyu ana ugonjwa wa mbao kuukuu. Bukima kanisa lilikuwa limenunua viti vya plastiki, akaomba benchi lililotupwa nje, akaliweka nyuma kabisa kuwa kiti chake. Kutoka Mwitongo, Butiama, akaleta kabati la nguo lililovunjika miguu. Milango yake akaivalisha blanketi na kuigongomea ukutani ili sauti isirukeruke. Pale milango isipofika akabandika trei za mayai.

Kiti cha mbele, cha mama mwenyewe, ndicho kilichomsumbua. Alikipata Bunda, kwa muuza samani za mitumba: kitanda cha mvule, kizito, cheusi kwa moshi na umri. Alipokipiga randa, chini ya weusi ule ikatoka rangi ya asali iliyokolea, na mistari yake ikawa inatembea kabisa ukiizungusha kwenye mwanga. Abednego aliweka randa chini, akaduwaa. Mti umekatwa kabla yeye hajazaliwa, umelaliwa, umetiwa masizi, na bado umeutunza uzuri huo ndani, kimya!

Lakini kilichomshangaza zaidi kilikuwa kwenye nguzo moja ya kichwani. Palikuwa na kibonyeo laini, kimeliwa taratibu, hakikuchongwa na patasi ya fundi yeyote. Aliweka vidole vyake, havikuenea. Palikuwa pa mkono mdogo kuliko wake. Mtu alikuwa ameshika hapo miaka na miaka, mpaka mti ukakubali. Kila alipofika hapo na msasa, mkono ulimgomea.

Akakifupisha kitanda, ubavu mmoja ukawa egemeo, nguzo za kichwani na miguuni zikawa mikono ya kiti. Akaweka sponji, akavalisha kitenge. Muda wote huo mlango ulifungwa kwa ufunguo, na Debora alipouliza aliambiwa asubiri.

Siku ikafika. Madirisha yakazibwa kwa mablanketi, saa nane ya mchana ikawa giza. Debora alimwingiza mama yake, akamkalisha mbele na kuketi pembeni yake. Abednego akaingia wa mwisho kwa kunyata, akakaa kwenye benchi lake. Akabonyeza rimoti ya projekta aliyoiweka kando yake.

Ukuta mzima ukawaka. Watu wakatokea wakubwa kuliko watu, na maua, na vumbi la Mugeta lenyewe.

"Yesu na Maria," mama Nyangi alinong'ona. "Wanatembea!"

Abednego alitaka kucheka kwa furaha. Alimwona, kwa nyuma, akiinua kichwa kama mtoto anayetazama mvua. Kisha mkono wa mama ukashuka kwenye mkono wa kiti, ukapapasa, ukatulia. Vidole vikaenea kimoja kimoja.

"Debora," alisema. "Hii kitanda ni yangu."

"Mama, hicho ni kiti."

"Nakwambia ni kitanda yangu! Hapa ndipo nilikuwaga nashika nikiamka. Hapa nilishika nikiwazaa ninyi wote. Baba yako amefia hapa."

Debora aliinama, akapapasa, akaachia ukelele. "Si Samweli alisema imeliwa na mchwa?"

"Mchwa gani? Kaka yako ameniletea ile ya chuma, hii akaenda kuiuza Bunda."

Huko nyuma Abednego alijishika kichwa. Kama angewahi kuona chumba cha mama huyu japo siku moja, angekitambua kitanda. Lakini heshima ndiyo iliyomzuia asikione, na heshima hiyo hiyo sasa imemfikisha pabaya: amekipiga randa kitanda cha mama mkwe, amekikata, amekilalia kifudifudi akipigilia misumari. Aibu ilimchoma masikio. Mama Nyangi alikuwa ameshasimama na kujifunga kitenge chake vizuri, kama mtu anayeondoka.

"Mama Benedikta," Abednego alimwambia mkewe kwa jina la mtoto wao, "mwambie mama sikujua. Nilinunua kwa mtu. Nitafanya chochote wazee watakachosema."

"Mama, anasema hakujua."

Mkono wa mama Nyangi ulikuwa bado kwenye nguzo.

"Muulize," alisema, "kila mahali amelainisha. Mbona hapa ameacha?"

Debora aligeuka. Abednego aliinuka kwenye benchi.

"Mwambie niliogopa. Niliona kuna mtu ameshika hapo maisha yake yote. Nikaona si haki kumfuta."

Debora alifungua mdomo ayafikishe maneno, mama yake akamnyooshea kiganja. Alikuwa ameshayasikia.

Ukutani harusi ilikuwa inaendelea bila kuwajali. Ikasikika sauti nzito ya mzee ikisema, nampa kijana huyu mwanangu. Mama Nyangi aligeuka polepole. Mumewe alikuwa amesimama mbele yake, amevaa koti lake la kaki, mrefu toka sakafuni hadi darini.

"Kwangu," aliita.

Hakulia. Alisimama tu akimtazama.

"Huyo aliyemshika mkono ni nani?"

"Ndiye yeye, mama," Debora alijibu. "Ndiye mume wangu."

"Simamisha."

Abednego alibonyeza rimoti. Picha ikaganda. Hapo ndipo alipoelewa: mila ilimkataza mama huyu kumtazama mkwe usoni, lakini kuhusu ukuta haikusema neno. Mama Nyangi alisogea mpaka mbele, akatazama paji la uso, pua, meno, tai iliyopinda, bila haraka, kwa macho yake mapya. Kisha akaweka kiganja kwenye shavu la yule kijana wa ukutani. Huku nyuma, gizani, Abednego alihisi joto kwenye shavu lake mwenyewe, na machozi yakamtoka waziwazi.

"Baba Benedikta," mama Nyangi alisema, bila kugeuka.

"Naam, mama," Abednego alijibu, kisha akashtuka. Hakuna aliyepitisha neno hilo katikati yao.

"Mbuzi wa kuondoa mwiko utachinja. Hilo halina mjadala."

"Nitachinja, mama."

"Na Mugeta siendi leo. Nitalala kwenye kitanda yangu, hata kama umeifupisha."

Alirudi, akaketi, akakishika kile kibonyeo.

"Haya, washa. Endeleeni na harusi yenu. Mimi ndiyo kwanza nafika."