Mpaka Filimbi Ipulizwe

Watu wa Chuo cha Prairie Fork walimpenda Tobin Haldorsen kama wanavyompenda mbwa aliyevishwa kofia. Miaka minne alikuwa kwenye timu yao ya mpira wa kikapu, na miaka yote minne alikuwa mchezaji wa kujileta: hakuna aliyemwita wala aliyemlipia ada, alikwenda kwenye majaribio kwa miguu yake akapewa jezi iliyosalia. Timu ikiongoza kwa pointi ishirini na tano, imebaki dakika moja, wanafunzi walianza kelele zao, "Tunamtaka Tobin! Tunamtaka Tobin!", huku wakiinua picha kubwa za uso wake zilizobandikwa kwenye vijiti. Anaingia, anarusha mpira kutoka popote, unakwenda popote, wanavunjika mbavu, wanakwenda zao kula piza. Huko ndiko kupendwa kwenyewe.

Cha aibu zaidi, miaka mitatu ya mwanzo yeye mwenyewe alikenua meno. Alipunga taulo kwenye benchi kila wenzake walipofunga, akaruka, akacheza viuno mbele ya kamera. Mwaka wa nne akakinai kuchekwa. Akabaki na haja moja tu: acheze kidogo, hata dakika moja, mechi ikiwa bado mbichi na matokeo hayajulikani.

Nafasi ilikuwa moja. Mechi ya mwisho ya nyumbani, kwa desturi, wa mwaka wa mwisho huanza uwanjani hata kama ni wa kujileta. Kocha Lindqvist alimwita ofisini siku moja kabla. Huyu Lindqvist ndiye yule anayetamka neno "familia" mara sita katika kila mahojiano, na familia hiyo hajui nusu yake wanasomea nini.

"Kesho unaanza, mwanangu," alisema. "Filimbi ya kwanza ikilia tu, unatoka, unapigiwa makofi, unamkumbatia mama yako. Raha iliyoje!"

"Na nikicheza vizuri, Kocha?"

Kocha alicheka mpaka akashika meza. "We kijana una vituko!"

Lakini kocha alisahau kazi aliyompa mwenyewe. Wa kujileta ndio wanaoigiza wapinzani mazoezini, na wiki ile nzima Tobin alikuwa Renshaw, mpanga mchezo wa timu iliyokuwa inakuja. Alitazama video zake mpaka macho yakamwuma. Alijua kwamba Renshaw akitaka kupita kushoto, kwanza hupangusa kiganja kwenye bukta. Makocha watatu wenye mishahara minono hawakuliona hilo.

Jioni ya mechi mama yake alishika maua, picha zikapigwa, mpira ukarushwa juu. Marcellus Tibbs, nyota wa timu, hata hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kuchuchumaa mbele ya meza ya waamuzi, akisubiri filimbi achukue nafasi yake. Kikapu kikifungwa mpira unaendelea. Kumbadilisha mtu ni mpaka refa asimamishe mchezo. Tobin alilijua hilo kama jina lake.

Renshaw akapangusa kiganja. Tobin alikuwa keshafika kushoto, akampokonya mpira, akampasia mwenzake, kikapu. Mara ya pili vilevile.

"We nani, bwana?" Renshaw akamwuliza, uso umemwiva.

"Wiki nzima nimekuwa wewe."

Dakika moja ikapita, halafu ya pili. Mpira ulipoteleza kuelekea nje, Tobin aliruka akautia ndani kwa ncha za vidole, akaangukia mapaja ya wapiga tarumbeta wa chuo waliokaa kando ya uwanja. Umati ukashangilia, ukidhani ni mapenzi ya chuo. Mapenzi gani! Mpira ukitoka, filimbi inalia, naye anatoka.

"Tobin, tupa nje bwana!" Marcellus alifoka kutoka mezani. "Misuli inapoa hapa!"

"Vaa sweta!"

Wakawa wanaongoza tisa kwa mbili. Ungedhani ukumbi ungefurahi. Wapi! Walikuja kucheka, na huyu hachekeshi: anakaba, anatoa pasi, harushi. "Rusha! Rusha!" wakaanza. Hakurusha. Kona ya wanafunzi ikaanza kumzomea, wakiwa wameshika sura yake kwenye vijiti.

Kocha angeweza kuomba mapumziko, lakini nani atasimamisha mchezo mbele ya kamera ili amtoe kipenzi cha watu siku ya kuagwa? Alifanya la kiwoga zaidi. Alimtazama Kolby, mchezaji wake mwenyewe, akajigonga kifua kwa ngumi mara mbili. Kolby akamkumbatia mpinzani asiye hata na mpira. Filimbi.

Alikuwa amecheza dakika tatu na sekunde arobaini.

Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi, wazomeaji wakiwa mbele. Kocha alimkumbatia, mdomo ukiwa upande wa kamera. "Umetupa moyo wako wote, mwanangu!"

"Umemwambia Kolby afanye faulo," Tobin alimwambia sikioni.

"Tabasamu," alisema kocha.

Alikaa. Mtu akamrushia taulo, akalikalia. Kilichofuata hakikuhitaji mtabiri: Renshaw alipangusa kiganja muda wote uliosalia, akapita kushoto apendavyo, akafunga pointi thelathini na moja. Sekunde hamsini zilipobaki, Prairie Fork walikuwa nyuma kwa kumi na sita, na nusu ya watu walishaondoka. Waliobaki walitaka kichekesho cha kwenda nacho nyumbani.

"Tunamtaka Tobin! Tunamtaka Tobin!"

Kocha akaja, mikono magotini. "Twende, mwanangu. Wanakutaka."

"Saa ile walinizomea."

"Usinitie aibu. Mama yako anatazama."

Tobin akamtafuta mama. Mama huyo alikuwa ameendesha gari kwa muda wa saa tatu kwenye theluji ili aje. Hakuwa akipiga kelele na wale. Alikuwa akifunga vifungo vya koti, na macho yao yalipokutana alimwinulia vidole vitatu, kisha vinne. Dakika tatu, sekunde arobaini: alikuwa ameuhesabu muda.

Hasira ikamshuka Tobin, kikabaki kitu kizuri zaidi, dharau tupu.

"Asante, Kocha," alisema. "Mimi leo nimeshacheza."

Kocha akamwashiria Wendell Pruitt, wa kujileta wa mwaka wa pili. Wendell alivua fulana mbio mbio, anakenua. Akarusha mpira kutoka katikati ya uwanja, ukapita juu ya ubao, na ukumbi ukalipuka kwa furaha. "Tunampenda Wendell!" wakaimba. Tobin aliinama, akaanza kulegeza kamba za viatu.