Mafundi wa Mwilini mwa Mina

Hapa Kiwangwa hakuna anayenishinda kusuka mkeka. Wenzangu wote wamekufa.

Siku hiyo mkeka wenyewe nimeukalia, nimefura, namsikiliza mkwe wangu Mwanahija. Alikuja kutoka Fukayosi na mwanawe Shuaibu, kunirudishia binti yangu Batuli kama sufuria lililotoboka. Kisa? Mjukuu wetu Mina, ambaye jua likimgusa tu anababuka kama aliyemwagiwa chai.

"Ugonjwa huo ni wa kwenu," akasema Mwanahija. "Kwetu hakuna, wala haujapata kuwako. Shuaibu, mpe mwanamke talaka yake twende."

Shuaibu akawa anachezea kofia. Mwanamume mzima, na ndevu zote zile!

"Mkwe," nikasema, "mimi niliishia darasa la saba, tena nilikaa karibu na mlango. Lakini daktari Riddhi kule Dar nilimwelewa. Vinasaba ni uzi mrefu uliokunjwa ndani ya mwili. Jua huuharibu, na kuna protini, ndizo mafundi, za kuutengeneza. Mafundi wa Mina ni wabovu. Na mafundi haohao ndio husaidia kuukunjua uzi, mwili usome la kufanya. Ndiyo maana hata kukua anakua kwa tabu. Mkeka ukiachwa umekunjwa, nakshi yake utaiona wapi?"

"Mambo ya Kizungu hayo."

"Riddhi Mzungu tangu lini? Babake anauza vitenge Bagamoyo mjini! Na kasema ugonjwa huu haumpati mtoto mpaka baba na mama wote wawili wawe wameubeba. Sasa mwanao kaubeba kutoka wapi? Sokoni?"

"Wallahi, kwetu hakuna!"

Batuli akatoka chumbani, macho mekundu, kamshika Mina aje kuaga. Mtoto kumwona bibi yake wa Fukayosi amekaa karibu na mlango, akamponyoka mama, akakimbilia mlangoni penye jua.

Mwanahija aliruka kama msichana. Akamvuta kivulini, akamfunika kwa kanga, macho kwanza, kisha midomo.

"Funga mdomo, mjukuu wangu! Hawa wanakufunika kichwa tu. Jua likikuzoea linakula ncha ya ulimi."

Nikaacha kujipepea. Ulimi wa Mina ni mzima. Habari ya ulimi daktari alitunong'oneza sisi wawili, mimi na Batuli, na hatukumwambia mtu.

"Mkwe," nikauliza, taratibu kabisa, "la ulimi nani kakufundisha?"

Shuaibu akavaa kofia, akaivua tena.

"Mama," akasema, "kaka Kibwana aliyekufa mdogo, haikuwa surua, siyo?"

Mwanahija hakumtazama. Aliendelea kumfunika mtoto midomo, ndani ya nyumba, mahali ambapo jua halifiki.