Tufe Lililong'aa Mno

Kwenye ukumbi wa bowling, mchezo wa kuangusha pini kwa tufe zito, walimwita Mama Msasa. Chumba chake kilikuwa nyuma ya mashine za kusimamisha pini, chembamba kama korido, na humo ndimo matufe ya wachezaji yalimotibiwa. Tufe likichezwa sana hunyonya mafuta yanayopakwa kwenye njia, ile sakafu ndefu linakobingirishwa kuelekea pini. Mama Msasa aliziba matundu matatu ya vidole kwa utepe, akalilaza tufe kwenye maji ya moto mpaka mafuta yatoke jasho, akalifuta, kisha akalipiga msasa wa maji pande zote sita, bila haraka, akimtaja Mungu kimoyomoyo. Likitoka hapo huwa limepauka kama ukuta wa chokaa. Ndivyo wachezaji wake walivyolitaka, maana mikwaruzo ile ndiyo inayoshika njia.

Ila wiki ya tatu sasa matufe yalikuwa yanateleza. Mchezaji mmoja wa mkono wa kushoto, waliyemwita Mashoto, alilirudisha lake mara mbili. Meneja akaja akasimama mlangoni.

"Mama, nakuheshimu. Lakini likirudi tena, nitatafuta mwenye macho mazuri zaidi."

"Macho yangu hayana neno, mwanangu."

"Basi mikono."

Mama Msasa akalichukua tufe la Mashoto, akaligeuza kwenye mwanga. Tangu mumewe afariki, nyumba nzima ilikula kwa msasa ule. Na tufe aliloliacha limepauka, sasa lilimng'alia usoni kama kioo. Hapo akajua pana mkono wa mtu.

Aliyeweza kuingia humo bila kuulizwa ni mmoja tu: shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa mashine za pini. Na juzi tu mke wa shemeji alimwuliza, huku akikunja nguo, "Hivi hiyo kazi ya kusugua, ni ngumu?" Sasa Mama Msasa alijiuliza kama mwanamke yule anaitaka kazi yake.

Alilisugua upya tufe la Mashoto, akaliweka rafuni, akaaga kwamba anakwenda kula. Kumbe alijibanza nyuma ya kabati la viatu vya kukodi. Haikupita muda, shemeji akaja, akatazama huku na huku kama paka aliyesikia harufu ya samaki, akaingia. Mama Msasa akangoja kidogo, kisha akamfuata.

"Endelea tu, shemeji. Usinionee haya."

Shemeji aliganda, chupa ya polishi mkononi, tufe la Mashoto tayari linang'aa upande mmoja. "Nilidhani umekwenda kula."

"Nimeshiba. Nani kakutuma, mkeo?"

"Mke wangu anaingiaje hapa? Nilikuwa nakufichia aibu. Matufe yako yanatoka yamepauka. Nikasema shemeji amechoka, nikimwambia ataumia. Nikawa nayapitishia polishi kidogo."

"Miaka kumi na moja ndani ya ukumbi huu, hujui kwamba la kupauka ndilo linaloshika njia?"

"Mimi ni mtu wa pini. Matufe huwa yananijia mbio, sina nafasi ya kuyakagua."

Kicheko kilimfika Mama Msasa kwenye meno, akakirudisha. Jibu lilikuja upesi mno, tena limenyooka mno. Huenda ni kweli. Huenda alilipanga tangu nyumbani.

"Twende ukamweleze meneja."

"Atanifukuza."

"Au atanifukuza mimi. Chagua."

Shemeji aliifunga chupa ya polishi polepole mno, Mama Msasa akimhesabia mizunguko ya kifuniko. Kisha akaenda.

Meneja alisikiliza, akawatazama wote wawili kwa zamu. "Hamkupanga hili nyumbani?"

Mashoto, aliyekuwa kaunta akingoja tufe lake, akasema, "Mpeni msasa fundi aondoe mng'ao wake. Nitalirusha, tutaona."

Basi shemeji alisugua mbele yao, Mama Msasa akimsimamia: geuza, lowesha, upande mwingine. Jasho lilimtoka. Mashoto alilirusha. Tufe likaenda moja kwa moja, likashika, likapinda, na pini zote zikalala.

"Mama, kazi yako iko palepale," alisema meneja. "Na wewe fundi, chumba kile usikikanyage tena."

Waliporudi nyuma ya mashine, shemeji alimwuliza kwa sauti ya chini, "Lakini wewe unaniamini, shemeji?"

"Nitakuombea," alisema Mama Msasa.

Shemeji alisubiri neno la pili. Mama Msasa alikwishainama, anakamua kitambaa.