Vumbi la Jiko la Mama

Watu wananiita Vumbi, na sijawahi kukasirika, maana vumbi ndiyo kazi yangu. Natengeneza vyumba vidogo vya kuenea ndani ya kasha la viatu, vyote vimehamwa: darasa lisilo na wanafunzi, kibanda cha kinyozi aliyefunga kazi, chumba cha kusubiria ambako hakuna anayesubiri. Kutu naipata kwa kuloweka sufu ya chuma ya kusugulia masufuria kwenye siki. Mapazia nayachovya kwenye chai ya rangi. Mlango nauacha nusu wazi, kila kazi, ndiyo alama yangu. Na mtu simweki kamwe. Watu huinama, wakafumba jicho moja, wakachungulia, kisha wakaguna.

Mwaka huu nilikuwa nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Huu nilikuwa naamka nao. Mama alianguka bafuni kwake akavunjika nyonga, wakamleta kwangu kwa sababu mimi ndiye wa kike na nafanyia kazi nyumbani. Kwa kaka zangu, anayefanyia kazi nyumbani hana kazi. Mama alipoanza kutembea na fimbo, kaka mkubwa, ambaye hati ya nyumba ya mama ilikuwa na jina lake, akaiuza. Alinipigia simu.

"Mwambie mama taratibu. Si wewe unakaa naye?"

Taratibu, kwa lugha ya kaka, maana yake usiseme kitu, na likiharibika ni lako.

Mama alikuwa amefunga ufunguo wa nyumba yake kwenye pindo la nguo. Kila asubuhi nikimpelekea chai aliupapasa kwanza, ndipo akauliza.

"Narudi lini kwangu?"

"Wiki ijayo, mama."

"Haya."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imerefuka mpaka miguu inaniuma.

Sikukusudia kutengeneza jiko lake. Mwenye ukumbi wa maonyesho alikuwa ananidai kazi mpya, kichwa changu kimekauka, na mikono ikaenda inakokujua. Kabla mnunuzi hajabadilisha kitasa nilikuwa nimekwenda kumchukulia mama nguo zake, nikasimama jikoni kwa muda. Basi nikalijenga vile nilivyoliona: sinki lenye alama ya maji, rafu iliyopinda, jiko la mafuta ya taa, birika lenye kishimo ubavuni. Nikasaga chaki, nikaipepeta kwa chujio la chai, tabaka juu ya tabaka. Utando wa buibui niliuvuta kwa gundi, uzi mmoja mmoja, pumzi nimeibana. Nilipomaliza nikalifunika kwa kitambaa, nikaenda kumnunulia mama dawa zake.

Niliporudi, kitambaa kilikuwa chini. Mama amekaa kwenye kiti changu, miwani puani, kijiti cha kiberiti mkononi. Alikuwa amekizungushia kitambaa chenye maji, na alikuwa anasugua sinki.

"Mama! Hiyo ni kazi ya watu!"

"Watu gani? Hili si jiko langu?"

"Ni lako, lakini..."

"Basi niache nifanye usafi. Mtu akichungulia humu atasema mwenyewe mchafu."

Nilikasirika kweli. Rafu ilikuwa inang'aa. Utando wangu wote ulikuwa umeviringika kwenye ncha ya kijiti, na sakafu aliifuta kama mtu anayetarajia wageni. Nilitaka kupiga kelele, nikakosa hata nguvu ya kelele, nikakaa juu ya ndoo ya rangi.

"Birika umelipatia," akasema, hakuniangalia. "Mpaka pale lilipobonyea."

"Si lilianguka?"

"Lilianguka wapi! Nililirusha. Baba yako akainama."

Tukacheka, yeye zaidi. Kisha akaweka kijiti mezani na kuvua miwani, na nikajua kicheko kimekwisha.

"Mwanangu, wewe hutengenezi mahali penye mtu. Uliniambia mwenyewe."

Nikaokota kitambaa kilichokuwa chini.

"Sirudi, sivyo?"

"Kaka ameiuza, mama."

Alilitazama jiko. "Akufukuzaye hakwambii toka," akasema. "Lakini nyinyi mmevuka mpaka. Mmenitengenezea na kisanduku."

Nilimwomba msamaha. Nililia pia, na sikujua kama ni kwa huzuni au kwa uchovu, sikuwa naona tena tofauti. Mama aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo, bila kunibembeleza.

"Na huu mlango," akasema baadaye, "mbona uko wazi?"

"Milango yangu yote iko hivyo. Ndiyo alama yangu."

"Alama yako, sawa. Mimi sijawahi kutoka nikaacha mlango wazi. Anayeacha wazi ni aliyekimbia, au aliyekufa. Mimi nimekimbia?"

"Hapana, mama."

"Nimekufa?"

"Hapana."

"Funga."

Nikachukua kibano na gundi. Akanishika kiwiko mpaka mlango ukakaa sawa. Tukasubiri pamoja gundi ikauke. Kisha akafungua fundo kwenye pindo la nguo yake, akautoa ufunguo, akaulaza mezani kati ya wembe na vipande vya kadibodi.

"Mpigie kaka yako," akasema. "Mwambie mama hakuhamishwa. Amehama."

Nilipiga. Kaka akaanza kujieleza. Nikakata simu akiwa katikati.

Mwenye ukumbi alipoiona ile kazi aliizunguka mara mbili, akauliza vumbi liko wapi. Nikamwambia mwenye jiko alilifuta kabla ya kuhama. Hakuguna.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya mlango, nilimpelekea mama chai kama kawaida. Nilikuwa nimelichoka lile swali lake kuliko kitu chochote duniani. Akapokea kikombe, akapuliza, akaanza kunywa, macho dirishani. Mkono wake ulikwenda kwenye pindo la nguo, ukakuta hakuna kitu, ukarudi. Nikasimama pale na sinia, "wiki ijayo" iko mdomoni, na hakuna aliyeniuliza.